Marcel Havyarimana, Mpiga Gitaa, na Shuka la Bulugu

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, mwenyekiti wa kitongoji, wanakwaya mliotoka Nyamiaga na Murukulazo, majirani wa hapa Nyabusozi na wafiwa wote, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Karatasi hii imeandikwa na Agripina, dada wa marehemu, kwa maneno aliyopewa na marehemu mwenyewe wodini tarehe 2 Machi 2025, na inasomwa na Privatus, mdogo wao wa mwisho, kwa sababu marehemu alitaka iwe hivyo na si vinginevyo. Ndani yake Privatus ametajwa kwa jina kama watu wengine, naye atajisoma kama alivyoandikwa, hataruka mstari, na sauti ikimshinda atasubiri irudi, lakini karatasi haitahamia mkono mwingine. Marehemu hakuagiza sifa. Aliagiza kwamba mtu mmoja aliyekaa hapa leo, nyuma kabisa, karibu na zizi, ambaye anaitwa mwizi tangu mwaka 2011, arudishiwe jina lake kabla kaburi halijafukiwa, na mtu huyo ni Bulugu.

Marehemu Marcel Matiasi Havyarimana alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Juni 1976, kijijini Murukulazo, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Matiasi Havyarimana na Mama Anjelika, ambao wote wametangulia, na ambao walivuka mto Ruvuvu mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi, wakiwa wanne wakati wa kuingia majini na wawili wakati wa kutoka, maana kaka wawili wa Mzee Matiasi walipigwa risasi mgongoni maji yakiwa yamewafika kifuani. Mzee Matiasi hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa mdomo, alilisimulia kwa mikono, na watoto wake watatu walilisikia migongoni mwao miaka yote waliyokaa kwake.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia Januari 1984 hadi Oktoba 1990, hesabu zilimtoa jasho, kuimba kulimtoa kifua mbele, na alipokuwa darasa la sita alijitengenezea gitaa kwa kopo la mafuta ya kula, kipande cha ubao na nyaya za breki za baiskeli, na breki zenyewe zilikuwa za baiskeli ya Mzee Matiasi. Mzee aligundua akiwa mteremkoni, na mkungu wa ndizi nyuma, akaenda kuangukia mawe, akarudi nyumbani uso umejaa damu, akachukua mpini wa jembe akampiga Marcel mpaka mfupa wa bega ukavunjika, kisha akalitia gitaa jikoni na kulisimamia mpaka ubao wote ukaisha. Mama Anjelika alimkanda mwanawe kwa maji ya chumvi, akamtuma akaombe radhi, naye akaenda ameushika mkono wake, akasema shikamoo baba, baba akaitika marahaba bila kumtazama, na mambo yakaishia hapo, kama yalivyoishia mengi katika nyumba ile.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kibarua cha kupakua magunia ya mahindi kambini, kuanzia Mei 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Ngara, na huko akakutana na Fideli, mpiga gitaa aliyevuka mpaka na gitaa mgongoni bila mtu mwingine yeyote wa familia yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kodi. Kwa msiopiga, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazotoka kwa pamoja, huitwa kwa herufi, na kila mpigaji ana moja anayoikimbilia akizidiwa, kama mtoto anavyomkimbilia bibi yake. Ya Fideli ilikuwa D. Ya Marcel ikawa G, kodi inayotawanya vidole kutoka uzi mnene hadi uzi mwembamba, naye aliipiga kwa vidole vinne, kidole kidogo kikikaza uzi wa mwisho, na alikuwa akisema raha yote ya G iko kwenye kidole hicho kimoja. Tarehe 19 Februari 1995 Fideli alikutwa nyuma ya vyoo vya kambi amekatwa mapanga na watu ambao hawakujulikana, gitaa likiwa chini yake, na Marcel ndiye aliyeugeuza mwili, akalichukua gitaa, akaliosha, lakini damu iliyokwisha kuingia ndani ya ubao haikutoka, na wanakwaya wengi mlioliona mlidhani ni rangi yake ya dukani.

Kuanzia mwaka 1996 hadi 2003 marehemu alilima mahindi na maharage na kupigia kwaya ya Nyamiaga, akamfundisha Privatus, aliyezaliwa mwaka 1983, kila alichokijua, na mwaka 2001 kwaya ilipopata kinanda cha umeme Privatus akahamia huko, akamwachia kaka yake nyuzi zake. Kodi ya Privatus ilikuwa C, kwa kuwa C haigusi kibao cheusi hata kimoja, na tuseme ukweli mbele ya jeneza, nyimbo za ufunguo mwingine hakuziweza, hivyo kila wimbo aliupiga kwa vidole vilevile vya C, akiwa amebonyeza kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote, yeye anapiga C na watu wanasikia D au G. Marcel alimwita mpangaji wa chumba kimoja. Privatus naye alimjibu kwamba ile penseli aliyoikaza kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa ndani wa baiskeli inafanya kazi hiyohiyo, jambo ambalo ni kweli kabisa, na Agripina aliwaambia mara nyingi kuwa wote ni walewale, lakini nani amsikilize mwanamke asiyepiga hata ngoma.

Tarehe 11 Oktoba 2003 marehemu alifunga ndoa na Irine, binti wa hapa Nyabusozi, baada ya ubishi mrefu na wajomba zake, ambao hawakutaka damu ya waliovuka mto, na siku ya harusi wajomba wawili walianza matusi, matusi yakawa viti, Marcel akapoteza jino moja la mbele akiwa ndani ya suti, na Privatus akapigana kwa ajili ya kaka yake mpaka shati likabaki kola na vifungo. Asiyejua jinsi ndugu hawa walivyopendana hataelewa yanayofuata. Marcel na Irine walijenga hapa Nyabusozi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Teddy aliyezaliwa mwaka 2005, Iradukunda mwaka 2008 na Uwimana mwaka 2012, na wote watatu wapo hapa, na haya wanayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Sasa tunafika kwenye vidole. Siku ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 25 Aprili 2011, kulikuwa na mashindano ya kwaya hapa Nyabusozi, kwaya ya Marcel ilikuwa imejifua tangu Januari, na Privatus alikuja kutoka Nyamiaga kwa pikipiki, kinanda kimefungwa kwenye godoro, ili awapigie. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wimbo wa pili ulikuwa wa ufunguo wa G, Marcel akautangulia na G yake ya vidole vinne, na Privatus, ambaye alikuwa amepandisha kinanda kwa ajili ya wimbo uliotangulia na kusahau kukibadilisha, akaingia kwa nguvu zote na C yake, nayo ikatoka D, soprano wakakifuata kinanda, besi wakabaki na gitaa, na kwa muda wa ubeti mzima watu zaidi ya mia nne wakasikia kwaya moja ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mabenchi. Marcel akavuka jukwaa, akakizima kinanda mbele ya wote, akasema kwenye kipaza sauti, "Mtusamehe, mdogo wangu bado anajifunza," na wimbo ukamalizika kwa gitaa peke yake, na kwaya ikawa ya mwisho.

Jioni ile, jua linazama, ndugu wawili walikuwa wakibeba vyombo kupitia njia ya mashamba ya mihogo, Marcel ametangulia na gitaa, Privatus nyuma na stendi ya chuma ya kinanda, na Marcel hakunyamaza, alirudia na kurudia habari ya mpangaji wa chumba kimoja, kisha akasema Jumapili ijayo atafute mtu anayejua kupiga. Privatus alimpiga kwa stendi. Pigo la kwanza lilimpata begani, bega lilelile la mpini wa jembe, Marcel akaanguka, akainua mkono wa kushoto kujikinga, na pigo la pili likaupata mkono huo. Kama angeishia hapo, tungesema ni hasira. Hakuishia hapo, aliukanyaga mkono uliokuwa juu ya jiwe ili usisogee, akapiga mara ya tatu na ya nne, akijua ni mkono gani na unafanya kazi gani, na kidole cha pete na kidole kidogo vikapondeka kabisa, cha kati kikapinda. Soma, Privatus, kaka yako alisema isomwe hivyo. Kisha akashtushwa na alichokifanya, akatupa stendi, akakimbia kufuata pikipiki ili ampeleke hospitali.

Aliyemfikia Marcel kwanza alikuwa Bulugu, mfugaji, jirani wa ng'ambo ya mbuga, aliyekuwa akirudisha ng'ombe na kusikia kilio. Bulugu hakuuliza maswali mengi, alichana shuka lake, akamfunga mkono, akampakata kichwa, akamwambia, "Kaza meno, bwana, damu itakata," damu ikamlowesha kuanzia kifuani hadi magotini, naye akakaa naye mpaka pikipiki ilipofika, akasaidia kumpandisha, akaenda kutafuta ng'ombe wake waliokuwa wametawanyika.

Majeruhi wa kipigo hutakiwa kuwa na PF3 ya polisi, na kwenye fomu ile kuna mahali pa kueleza ni nani aliyempiga. Mama Anjelika alikuwa bado hai, mjane, mzee, aliyekwisha kuona ya kumtosha, na Marcel aliwaza jinsi atakavyoambiwa kuwa mwanawe mmoja yuko wodini na mwingine yuko mahabusu kwa sababu hiyohiyo, akamtazama Privatus pembeni yake, akasema alipigwa na mwizi aliyetaka simu. Alipoulizwa mwizi alikuwaje, akasema cha kwanza kilichomjia kichwani, mrefu, amejifunga shuka, ana fimbo. Alisema hakuwa amekusudia mtu yeyote, na Agripina anamwamini, lakini katika mbuga yote hii mtu mrefu mwenye shuka na fimbo aliyeonekana jioni ile alikuwa mmoja, na shuka lake lilikuwa limechanika na lina damu.

Marcel alikatwa vidole viwili na kulazwa siku kumi na moja, na alipotoka, tarehe 6 Mei 2011, sungusungu wa kitongoji walikuwa wamemfunga Bulugu kamba siku tatu, wamemchapa na hajakiri, akisema neno moja tu, kwamba wamngoje majeruhi mwenyewe. Walimleta uwanjani mikono nyuma. Bulugu alimtazama Marcel, akamwambia, "Sema, Marcel, waambie nani alikufunga mkono." Privatus alikuwa amesimama hapohapo. Marcel alitazama chini, akasema, "Sikumwona vizuri, giza lilikuwa limeingia." Hakusema ndiyo na hakusema hapana, na kwa watu wenye fimbo tayari mikononi hiyo ilitosha, wakampiga Bulugu mbele ya ndugu wawili waliojua, wakampiga mpaka jicho la kulia likatoka, mkewe Kwandu akipiga magoti na kuwashika miguu watu ambao baadhi yao mko hapa, na mnajijua.

Baada ya kipigo wakamtenga. Wageni waliotoka mbali wajue maana yake, mtu aliyetengwa haombi moto kwa jirani, hauziwi chumvi, salamu yake haiitikiwi, na akifiwa hakuna anayekwenda kuchimba kaburi. Agripina, aliyekuwa na genge hapa kwa miaka miwili, alimfukuza Kwandu gengeni mbele ya wateja, akamwita mke wa mwizi, akajiona amemtetea kaka yake, na aibu hiyo ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 17 Julai 2013 Bulugu na Kwandu walifiwa na binti yao wa miaka sita, kwa homa, na tangu asubuhi hadi adhuhuri nyumba ya Marcel ilisikia majembe mawili tu yakichimba ng'ambo ya mbuga, la baba na la mama. Irine alivaa khanga aende, Marcel akamzuia mlangoni, Irine akamuuliza ni roho gani hiyo, naye akampiga kofi kwa mkono ule wa vidole vitatu, kofi la kwanza na la mwisho katika ndoa yao, kwa sababu alijua Kwandu atamsimulia habari ya shuka. Irine alikaa kitandani akilia hadi majembe yakanyamaza. Mama Anjelika alifariki tarehe 8 Septemba 2016, na kisingizio cha kumwonea huruma kikazikwa pamoja naye, na bado Marcel hakusema, wala Privatus hakusema, na wala msiwatafutie sababu, waliogopa fimbo.

Marehemu aliendelea kupiga gitaa kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati kilichopinda, na G yake ya vidole vinne hakuipiga tena. Ilibaki E maina, kodi yenye huzuni, inayohitaji vidole viwili tu, viwili vilivyokaa pamoja. Vijana wa kwaya walipomuuliza kodi aipendayo, aliwaambia ni E maina, wakaenda wakisema mzee ana moyo mzito, anapenda nyimbo za majonzi, na wengine wakaanza kuipenda kwa kumuiga, lakini wodini alimwambia Agripina kwamba hakuipenda hata siku moja. Alisema kila akiiweka aliona jicho la Bulugu. Privatus yeye alijifunza funguo zote, vibao vyeupe na vyeusi, kwa bidii iliyowashangaza watu, na leo hakuna mpiga kinanda anayemfikia Ngara nzima, na kile kitufe hajakigusa tangu Pasaka ile.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2019, kidonda kikamtokea mguuni, kikamla polepole, na tarehe 21 Agosti 2024 mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Tarehe 2 Machi 2025, Privatus na Agripina wakiwa kando ya kitanda, alisema, "Agripina, andika yote. Privatus, wewe utasoma." Privatus alipiga magoti, akamwomba aandikiwe barua Bulugu, iwe siri ya watu wachache, na Marcel akamjibu, "Tulimwaibisha uwanjani, tutamsafisha uwanjani." Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 48, ameacha mjane, watoto watatu, dada mmoja na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa miaka sita, Irine aliyeosha kidonda kile kila siku bila kuziba pua, wanakwaya wote, majirani mlioleta kuni, maji na maturubai, na vijana mliochimba kaburi. Lakini ninyi vijana tunawashukuru na kuwalaumu kwa pamoja, kwa sababu jana asubuhi Bulugu alikuja na jembe lake kuchimba pamoja nanyi, mzee wa jicho moja, amekuja kumchimbia kaburi mtu aliyemnyamazia, na ninyi mkamnyang'anya jembe na kumsukuma mpaka akaanguka, mkisema mwizi hachimbi. Hamkujua. Sasa mnajua, na mwenyekiti wa kitongoji anajua, na padre amesikia, na mtu yeyote atakayemwita tena mwizi atakuwa anasema uongo kwa makusudi.

Mzee Bulugu, Mama Kwandu, hatuna cha kuwalipa jicho, wala yule mtoto mliyemzika peke yenu. Privatus amekubali kwamba kesho Jumamosi atakwenda polisi na karatasi hii, na yatakayompata yatampata. Marehemu aliomba kwamba udongo wa kwanza usitupwe na mjane wala na watoto, utupwe na wewe, Mzee Bulugu, ukipenda, na ukikataa ukaondoka zako hatutakulaumu, tutakaa hapa na jeneza letu tuone tunafanya nini. Jembe walilokunyang'anya Agripina alilichukua, akaliosha, na liko hapa mbele, miguuni pa msomaji.

Marcel, kaka yetu, pumzika kwa amani, ya kwako umeyamaliza. Privatus, chukua jembe la watu, umpelekee mwenyewe.